Mume wa Nora ndiye aliyeniliza

Filamu za marafiki wa utotoni wanaokuja kupendana nimezitazama hadi zimenikinaisha. Walicheza kombolela pamoja, mmoja akahama, wakakutana ukubwani, na lazima awepo mchumba mwenye roho mbaya ili akiachwa tushangilie. Kwa hiyo Past Lives ya Celine Song, iliyotoka 2023, niliianza nikimsubiri huyo mbaya ajitokeze.

Na Young na Hae Sung wanasoma darasa moja Seoul. Wana miaka 12, wanashindana kwa alama, na siku msichana akizidiwa anarudi nyumbani analia, mvulana pembeni yake. Kisha familia ya msichana inahamia Kanada. Miaka 12 baadaye wanaongea kwa Skype (picha inaganda katikati ya neno tamu, wenye wapenzi wa mbali mnalijua hilo), halafu kimya. Inapita 12 mingine, Hae Sung anatua New York. Na Young siku hizi anaitwa Nora, anaandika tamthilia, ana mume: Arthur.

Huyo Arthur ndiye aliyenishika. Usiku mmoja kitandani anamwambia mkewe kwamba akiweweseka huongea Kikorea tu, Kiingereza hata siku moja. Ndiyo maana anajifunza lugha hiyo, japo anababaisha. Mke wangu ni Msukuma, na usiku kuna mtu anabishana naye ndotoni kwa Kisukuma. Nimelala sentimita 20 kutoka kwake na simwelewi. Sikuwahi kuona filamu ikiligusa jambo hilo.

Wengi nikiongea nao wanabishania Nora angemchagua nani. Mimi naona Hae Sung na Arthur hawashindani, kwa sababu Hae Sung anampenda yule mtoto wa Seoul, na Nora mwenyewe anamwambia mtoto huyo hayupo tena. Maneno ya in-yun, yaani imani ya Wakorea kwamba wanaokutana wameunganishwa na majaliwa tangu maisha yaliyopita, yamerudiwa mno kwa ladha yangu. Nilipenda zaidi pale Nora anapomtania Arthur kwamba Wakorea huyatumia kutongozea.

Mwishoni Nora anamsindikiza Hae Sung kusubiri gari. Wanatazamana tu, karibu dakika mbili. Gari likiondoka anarudi kwa miguu hadi nyumbani, Arthur anamsubiri nje, na hapo analia kama yule wa miaka 12. Arthur haulizi kitu. Anamkumbatia, wanaingia ndani.