Maji ya Kigogo Hunyesha Pugu

Masika yakikaribia Dar es Salaam, maneno ni yale yale. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, kiongozi anawataka wakazi wa mabondeni wahame mara moja, mvua inashuka, watu wanafariki. Kabla hata maziko hayajaisha, mitandaoni watu wanaandika kwamba waliambiwa wakakaidi, hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mimi nimepanga Kigogo, karibu na mto, kwa sehemu kubwa ya ujana wangu, na maneno hayo yananiuma. Yanaangalia maji yalikofika, hayaulizi yalikotoka.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, unaingia Jangwani, kisha unamwaga maji yake baharini pale Daraja la Selander. Safari nzima haifiki kilomita 40, na njiani unapokea mito midogo ya Luhanga, Ubungo na Sinza. Kwa hiyo mvua ikinyesha Kimara ni yetu, ikinyesha Segerea ni yetu, ikinyesha Pugu ni yetu zaidi. Kiangazi ukiuona unaweza kuudharau: maji ya kifundo cha mguu, vijana wanachota mchanga, akina mama wana matuta ya mchicha kingoni. Lakini mto mfupi unaoshuka kutoka vilimani hautoi nafasi. Mvua ya saa chache kule juu inatosha kuubadilisha, na huku chini inawezekana hata tone halijaanguka.

Aprili 2018 mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, ila usiku ule kwetu ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Umeme ulikatika mapema. Kilichoniamsha ni mama mwenye nyumba akigonga milango ya wapangaji mmoja baada ya mwingine: "Wanangu, amkeni, maji yako kwenye kizingiti!" Niliposhusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Hayakuwa yamepita mlangoni bado. Yalikuwa yanapanda kupitia tundu la bafuni, meusi, yananuka. Tukabeba watoto mabegani. Bibi mmoja asiyeweza kutembea alibebwa na vijana wawili juu ya kiti cha plastiki. Tukapanda kuelekea barabarani tumeshikana mikono, kwa sababu mtaro wa mtaa ulikuwa umemezwa na hakuna aliyejua ukingo wake uko wapi. Nilichookoa ni mfuko wa vyeti. Godoro nililiweka juu ya kabati, na asubuhi kabati lenyewe nikalikuta limelala.

Watu wakisimulia mafuriko huusimulia usiku. Kwangu mimi kilichotesa zaidi ni tope. Lile halikuwa udongo mtupu. Kule juu, mvua ikikolea, zipo nyumba zinazotapisha vyoo: shimo linatobolewa, mvua inabeba, na inakobeba ni kwetu. Tope hilo tulilikokota kwa majembe na mabeseni kutoka kwenye vyumba tulimokuwa tukilala na kupika. Watoto walikuwa pekupeku humo humo, na hofu ya kipindupindu ilizidi uchungu wa vitu vilivyopotea. Kulikuwa na binti wa darasa la saba, mwaka wake wa mtihani, akianika daftari zake juu ya bati, akifungua ukurasa kwa ukurasa ili karatasi zisigandane. Sijui mtu anaanzaje kumwambia mtoto yule kwamba yeye ni mkaidi.

Siku hizo hizo Barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani, na karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajaa maji, mabasi yakiwa ndani. Karakana ile ilijengwa bondeni kabisa, na wataalamu waliokuwa na ramani na vipimo. Mpangaji wa Kigogo alikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni kodi anayoweza kuilipa. Sijawahi kusikia wataalamu wale wakiitwa wakaidi. Naomba mpangaji naye apewe heshima hiyo.

Na hilo neno "hameni" tulitazame vizuri. Baada ya mvua ya Desemba 2011, ambayo mfano wake jiji halikuwa limeuona tangu 1954, na baada ya vifo vya watu wasiopungua 40, serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, nje ya mji upande wa Bunju. Walipewa viwanja, na nia ilikuwa njema. Lakini mama anayeuza chai Kariakoo alfajiri, au kijana anayebeba mizigo soko la Ilala, akitoka Kigogo anakwenda kwa miguu. Akitoka Mabwepande anatafuta nauli kwanza, kabla hajauza kikombe hata kimoja. Wapo waliorudi bondeni, na mimi siwalaumu. Tena mpangaji hana hata hicho kiwanja cha kukiacha ili arudi bondeni. Fidia inapokuja inamtafuta mwenye nyumba; aliyepanga anaambiwa atoe vyombo, na chumba anachokimudu atakikuta bonde lingine.

Kule juu, jiji linajengwa kwa kasi. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36; ya 2022 ikawakuta watu 5,383,728. Ni watu milioni moja zaidi ndani ya miaka 10, wote wanahitaji paa. Miinuko ya Kimara, Kinyerezi na Pugu iliyokuwa na mikorosho na mashamba ya mihogo leo ni mabati, na ua umefunikwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Fanya hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100, siku ambayo zimeshuka milimita 50, kiwango ambacho mvua ikikivuka wataalamu wetu wa hali ya hewa wanaiita mvua kubwa, linamwaga lita 5,000. Hiyo ni simtanki kubwa imejaa, kutoka nyumba moja, kwa siku moja. Zamani ardhi ingenyonya sehemu yake kubwa. Siku hizi yanatoka getini, yanaingia barabarani, yanafuata mtaro kama haujazibwa na chupa za plastiki, na baada ya muda mfupi yako Kigogo. Halafu kiangazi kikianza, mwenye nyumba yule yule ananunua maji ya boza.

Najua kuna mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na kwamba mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Daraja jipya la Jangwani, kuihamisha karakana, fidia kwa wenye nyumba, kuuchimba mto: yote nayaunga mkono kwa moyo wote. Ila daraja linapitisha magari juu ya maji. Maji yenyewe yako pale pale, na yataendelea kuongezeka kama kila kiwanja kule juu kinaruhusiwa kuyasukuma nje ya geti lake.

Ninachodai kinawezekana. Kibali cha ujenzi kwenye miinuko kisitoke mpaka mwombaji aonyeshe gata zake zinamwaga kwenye tangi au kwenye shimo la kunyonya maji, na sehemu ya ua iachwe udongo. Barabara mpya isikabidhiwe kama mtaro wake unaishia kwenye kichwa cha nyumba ya mtu. Anayetapisha choo mvua ikinyesha afikishwe mahakamani, kwa sababu kinyesi kile kina watu wanaokioga.

Tahadhari nazo zifuate mto. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Wiki moja baadaye kikaja Kimbunga Hidaya, na hapo niliona kinachoweza kufanyika. Taarifa zilitoka mara kwa mara zikisema kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka pwani na kinaelekea wapi. Boti za Zanzibar zikasimamishwa, watu wakakaa ndani, wavuvi wakavuta vyombo vyao juu. Sikusikia mtu akiitwa mkaidi. Mtu akiambiwa hatari iko wapi na inafika lini, anajua la kufanya. Akiambiwa "wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari" kwa miezi mitatu mfululizo, atakesha siku ngapi?

Kwa Msimbazi, tahadhari ninayoiamini bado ni ya simu. Jirani yangu wa zamani ana mpwa wake anayeishi Ulongoni, kule Gongo la Mboto. Mto ukianza kujaa kwao, usiku au mchana, anapiga: "Shikamoo shangazi, huku umeshavuka kingo, toeni watoto." Jirani anagonga milango, watu wanabeba vyeti, dawa na watoto, wanapanda juu na muda wanao. Mpwa yule halipwi na mtu. Ni kazi ambayo halmashauri ingeweza kumpa mtu kwenye kila daraja kutoka Pugu hadi Tabata, pamoja na tochi, simu, na orodha ya namba za wajumbe wa mitaa ya chini.

Oktoba vuli itaanza. Kabla ya hapo mitaa ya Kimara, Kinyerezi, Segerea na Pugu itakuwa na mikutano ya hadhara kama kawaida. Mwenyekiti aulizwe maji ya mtaa wake yanaelekezwa wapi, na akijibu "mtoni", wananchi wasilikubali jibu hilo.