Geuza Kabati Kwanza, Jina Utauliza Baadaye

Wengi wanaoanza kupenda samani za kale za Kiingereza hukimbilia majina ya mafundi mashuhuri wa karne ya 18: Chippendale, Hepplewhite, Sheraton. Mtu anaingia mnadani na majina hayo kichwani, anakuta kiti chenye kibandiko cha "Chippendale", moyo unamwenda mbio, na hapo ndipo anapopigwa. Mimi naishi huku Uingereza na minada ya mitaani naijua, na msimamo wangu ni kwamba majina yasubiri. Anayetaka kuijua samani aanze na ule upande ambao fundi hakutarajia mteja autazame.

Thomas Chippendale alikuwa fundi na mfanyabiashara mwenye karakana St Martin's Lane, London. Mwaka 1754 alichapisha kitabu cha michoro ya samani, na mafundi wengine wakakinunua wakachonga kwa kukifuata, kila mmoja kwa uwezo wake na kwa mfuko wa mteja wake. Kwa hiyo kiti chenye mgongo wa namna ile kinaweza kuwa cha fundi wa mkoani mwaka 1770, au cha kiwanda mwaka 1900, kwa sababu enzi za Malkia Victoria na Mfalme Edward VII mitindo ile ilirudiwa kwa wingi mno. Samani ambazo hati zinathibitisha kwamba zilitoka karakana yake zinajulikana, na baadhi bado ziko kwenye majumba zilikopelekwa, kama Harewood na Nostell kule Yorkshire. Hepplewhite ndiyo zaidi: kitabu chake kilitolewa na mjane wake mwaka 1788, mwenyewe akiwa ameshafariki, na hakuna hata samani moja inayojulikana kwa uhakika kuwa ya mkono wake. Muuzaji akikutajia majina haya, anakutajia mtindo. Bado hajakwambia umri wala mtengenezaji.

Ndiyo maana mimi huanza na droo. Natoa ile ya chini kabisa, naipindua juu ya zulia, nawasha tochi.

Kwanza natazama pembe, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Mbao hizo hushikana kwa meno yaliyochongwa yakaingiliana. Kwenye kazi ya mkono meno hayalingani: moja nene, jingine jembamba, na ukisogeza jicho utaona mstari mwembamba ambao fundi aliukwaruza kwa ncha ya chuma ili ajue msumeno uishie wapi. Mstari huo hakuufuta, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuuona. Meno yakiwa sawa yote na nafasi sawa zote, hiyo ni kazi ya mashine, nawe uko nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye, kibandiko kiseme kitakavyo.

Kisha kitako chake. Mwanzoni mwa karne ya 18 nyuzi za mbao za kitako cha droo zilielekea kutoka mbele kwenda nyuma; kuelekea katikati ya karne hiyo mafundi wazuri walianza kuzilaza kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kingo za chini zinazosuguana na kabati kila droo inapovutwa lazima ziwe zimelika baada ya miaka mia mbili, na zile reli zinazobeba droo lazima ziwe zimelika pia. Droo ikiwa imelika huku reli ziko kama mpya, hao hawakuzeeka pamoja. Ama reli zimebadilishwa, jambo ambalo ni matengenezo ya kawaida na muuzaji mkweli atakueleza, ama droo zimetoka kabati jingine.

Ndani ya droo mbao huwa kavu na tupu, bila vanishi wala rangi. Aliyewahi kusimama karakana za Keko, Dar es Salaam, anajua kwamba fundi hapotezi msasa mahali pasipoonekana. Fundi wa London wa mwaka 1780 alikuwa hivyo hivyo. Ukikuta ndani, chini na mgongoni kote kumepakwa rangi ya kahawia iliyolingana, uliza kwa nini.

Vishikio navyo vina habari zake. Fasheni ilibadilika, wenye nyumba wakabadilisha vishikio, na kila badiliko liliacha matundu. Matundu ya ziada ndani ya ubao wa mbele hayanitishi. Kinachonisimamisha ni matundu yanayoonekana ndani lakini nje hayana alama yoyote, hata kiraka. Maana yake kuna mtu amebandika vinia mpya, yaani utando mwembamba wa mbao ya thamani, usoni baadaye. Kabati la mwaloni la kawaida limevishwa ngozi ya mjozi ili liuzwe ghali.

Mbao hunywea kwa upana wa nyuzi, na kwa urefu karibu hazibadiliki. Kwa hiyo meza ya duara ya mwaka 1760 haiwi tena duara kamili. Pima kwa futi, nyuzi zinapokwenda, kisha ukatize. Utakuta upande mmoja umepungua milimita kadhaa. Skrubu pia: zile za kabla ya katikati ya karne ya 19 hazina ncha kali, na mfereji wa bisibisi mara nyingi haukukaa katikati. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde zinatokana na msumeno wa duara, na hizo ni za karne ya 19 kuja huku. Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Nazitaka zikubaliane, na ikitokea moja inapinga zote, hiyo ndiyo naishughulikia.

Kuna watu wanaofurahia kuona mbao zilizobunguliwa, wakidhani ni cheti cha uzee. Mdudu hajali tarehe. Lakini anatoa ushahidi wa aina nyingine: hutafuna akiwa ndani, na njia yake ya kutokea ni kitundu cha mviringo, kidogo kama ncha ya kalamu. Ukiona vijia virefu vilivyo wazi juu ya mbao kama mifereji, basi mbao hiyo ilipasuliwa baada ya kuliwa. Fundi wa karibuni amechukua mbao kuukuu akatengeneza kitu "cha kale". Na unga mweupe mbichi ukidondoka, usikiingize nyumbani kabla hakijatiwa dawa.

Kwa vyombo vya fedha kazi ni nyepesi, kwa kuwa Waingereza waligonga mihuri. Simba anayetembea ni fedha halali ya kiwango cha 925. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na herufi inataja mwaka. Herufi EPNS zinasema chombo ni cha kuchovya, fedha iko juu tu, hata kikingʼaa vipi. Kwenye sahani na vikombe, neno "England" lilienea kuanzia 1891, Marekani ilipodai bidhaa zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka. "Made in England" kwa kawaida ni karne ya 20.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawaligusi, nami siwezi kulipita. Mahogani ilimiminika Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1721 kuondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika, na nyingi ya mwanzo ilitoka Jamaika. Waliokata magogo yale walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Na pembe za ndovu zilizonakshi visanduku vya majani ya chai na kuwa mipini ya visu vya Sheffield, sehemu yake katika karne ya 19 ilipita Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani kutoka Manyema na Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo. Mimi bado nanunua samani za mahogani, na ninapogusa ubao wa enzi ile nawakumbuka waliouangusha. Pembe sinunui. Sheria yenyewe sasa ni kali: tangu Juni 2022 biashara ya pembe za ndovu Uingereza imepigwa marufuku isipokuwa kwa misamaha michache, kwa mfano kitu cha kabla ya 1947 ambacho pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, na hata hicho lazima kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Ukiwa na mpango wa kupeleka kitu nje ya nchi, hakikisha hakina pembe hata kwenye tundu la ufunguo.

Bei je? Huu ni wakati wa mnunuzi. Samani za mbao za kahawia zilianguka bei vibaya tangu miaka ya mwanzo ya 2000, vijana walipohamia nyumba ndogo na samani nyepesi. Leo kabati la droo la mahogani la enzi za Victoria linaweza kutoka mnadani kwa chini ya pauni 200, wakati la dukani la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi linakaribia bei hiyo na droo zake zinaanza kuning'inia mapema. Inaniuma kuona kazi ya mikono iliyodumu vizazi sita au saba ikipakwa rangi ya chokaa au kupasuliwa kuni. Ukinunua mnadani kumbuka kwamba bei ya nyundo, ile dalali anayoifungia kwa kugonga nyundo, siyo ya mwisho. Ada ya mnunuzi, pamoja na VAT juu yake, inaweza kuongeza robo au zaidi. Soma masharti, omba ripoti ya hali ya kitu, na nenda siku ya maonyesho ukapindue droo mwenyewe. Maneno ya katalogi yana uzito: "mtindo wa George III" si sawa na "George III"; la kwanza ni kuiga tu, la pili linadai kitu ni cha enzi ya mfalme huyo.

Kama una siku moja tu London, nenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kiingilio ni bure, ukakae kwenye vyumba vya Uingereza vya miaka 1500 hadi 1900 mpaka jicho lizoee. Ijumaa alfajiri soko la Bermondsey, Jumamosi Portobello Road. Sokoni unaruhusiwa kushika, na muuzaji asiyetaka ugeuze kitu chake huwa nampita.

Ukishalifikisha kabati lako nyumbani, fundi akikuambia alipige msasa lingʼae, mkatalie. Futa vumbi, paka nta kidogo kwa kitambaa laini mara chache kwa mwaka, na uliweke mbali na redieta, kile kipasha joto cha chumbani, na dirisha la jua, kwa sababu joto hukausha gundi ya zamani na vinia huanza kuinuka pembeni.