Upasuaji wa varikoseli: mbegu zinaongezeka, mimba je?

Katika miaka ya 1950 daktari wa Edinburgh, Selby Tulloch, aliripoti kisa kilichozua gumzo miongoni mwa wenzake. Mgonjwa ambaye manii yake hayakuwa na mbegu hata moja alifungwa mishipa iliyovimba kwenye korodani, mbegu zikaonekana, mkewe akashika mimba. Tangu hapo upasuaji wa varikoseli umeenea duniani, na ubishi nao haujaisha: unaleta watoto, au unapendezesha tu karatasi ya maabara?

Varikoseli ni kuvimba kwa mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani. Si ngiri wala busha, ingawa mtaani yote hutiwa kapu moja. Mara nyingi hutokea kushoto, kwa sababu mshipa wa upande huo ni mrefu zaidi na huingia kwenye mshipa wa figo kwa pembe mraba. Damu hupanda kwa taabu, na vali zikilegea inarudi chini. Korodani inatakiwa iwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu ikituama, joto linapanda na mbegu zinaharibika.

Lakini wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wamezaa bila hata kujua. Kwa wanaohangaika kupata mtoto wa kwanza, idadi hufika 35 hadi 40 kwa 100. Kwa hiyo inahusika na ugumba, ila huwezi kumtazama mgonjwa mmoja ukaapa kwamba kwake ndiyo chanzo.

Wanaoutetea upasuaji wana hoja nzito. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha tafiti kadhaa ulionyesha mbegu zikiongezeka kwa takriban milioni 10 katika kila mililita, na zinazoogelea zikipanda kwa karibu asilimia 10. Kwa mwenye milioni 7 hilo si jambo dogo, maana kiwango cha chini cha marejeo cha Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni milioni 16.

Tatizo ni kwamba mbegu za mtu yuleyule hupanda na kushuka zenyewe. Homa kali ya mwezi uliopita yatosha kuziangusha. Ukimpima mtu zikiwa chini kabisa, ukimpima tena huenda ziko juu hata kama kisu hakijamgusa. Ndiyo maana hadithi za "kabla na baada" hazinitoshi. Lazima wawepo wanaume wa kulinganisha nao, wasiopasuliwa.

Walipolinganishwa, Evers na Collins waliandika katika jarida la Lancet mwaka 2003 kwamba mimba zilikuwa karibu 22 kwa kila wanandoa 100 waliotibiwa, na 19 kwa wasiotibiwa. Tofauti hiyo ni kama haipo. Watetezi wakajibu, na kwa maoni yangu walijibu vizuri: baadhi ya majaribio hayo yaliingiza wanaume ambao mbegu zao zilikuwa nzuri tangu mwanzo, au ambao varikoseli yao ilionekana kwa altrasaundi tu. Utamponyaje mtu asiyeumwa? Jaribio la Jeddah lililochapishwa 2011 lilichukua wanaume 145 wenye varikoseli inayoshikika kwa vidole na mbegu hafifu. Ndani ya mwaka mmoja, mimba za kawaida zilikuwa asilimia 32.9 kwa waliopasuliwa na 13.9 kwa wengine.

Jaribio moja halifungi kesi. Mwongozo wa Uingereza wa 2013 ulikataa upasuaji huu kama tiba ya uzazi. Wa Marekani wa 2020 unaukubali kwa mwenye uvimbe unaoshikika na kipimo kibovu, na unaukataa kwa wa altrasaundi pekee. Mimi niko na Wamarekani, na hasa kwenye lile katazo lao. Anayeambiwa apasuliwe kwa sababu ya picha ya altrasaundi, ilhali daktari hakuhisi kitu mkononi, ana haki ya kwenda kumuuliza daktari mwingine.

Namna ya kupasua nayo ina uzito wake. Kwa njia ya zamani ya kufunga mshipa juu, mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji, hufungwa pamoja nao, na mtu anaweza kuishia na busha, tena lisilohusiana na mbu wala matende. Kwa hadubini daktari huiona mishipa hiyo na kuiacha, na varikoseli hurudi kwa wachache sana.

Kisha kuna umri wa mke, ambao wanaume husahau kuutaja. Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha kwanza cha maana huja baada ya miezi 3, na mara nyingi husubiriwa hadi 6 au zaidi. Mwenye mke wa miaka 27 anaweza kuvumilia. Mke akiwa na 39, miezi hiyo inatoka kwenye mayai yake, na huenda fedha za upasuaji zingefaa zaidi kwenye upandikizaji wa mimba (IVF).