Yuro 20 za taa, na baiskeli ya ami

Jana jioni nimetozwa yuro 20 kwa sababu baiskeli yangu haikuwa na taa ya mbele. Saa kumi na moja na nusu, giza la Novemba, na mvua ile ya Berlin isiyonyesha wala kuacha. Walikuwa askari wawili, mmoja binti mdogo tu. Nikajaribu zangu: natoka kazini, betri imeisha sasa hivi, kwangu ni hapo mbele. Nilikuwa naongea Kijerumani, lakini sauti ilikuwa ileile ya "afande, tusaidiane". Binti akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa mashine ya kadi. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaambiwa nisukume baiskeli mpaka nyumbani.

Nikasukuma huku nimenuna. Zaidi ya shilingi elfu hamsini, kwa balbu! Nikafika kwenye makutano ya karibu na kwangu, pale ilipofungwa ile baiskeli nyeupe. Nimeipita mara mia, ila aliye juu ya baiskeli hasomi vizuri. Safari hii nilikuwa kwa miguu. Imepakwa rangi nyeupe kote, matairi mpaka kengele, na imefungwa mnyororo kwenye nguzo mahali palepale alipofia mtu. Desturi hii ilianzia St. Louis, Marekani, mwaka 2003, na hapa huziweka chama cha waendesha baiskeli, ADFC. Akiuawa mwendesha baiskeli watu hukusanyika, hulaza baiskeli zao, hukaa chini kwenye lami bila kusema neno. Mtu alikuwa amebadilisha maua. Hasira ya yuro 20 ikaniisha, ikaja nyingine.

Ami yangu alikuwa muuza samaki. Alfajiri yuko soko la samaki la Deep Sea, kwetu Tanga, ananunua vibua, siku ya bahati changu, anapanga kwenye boksi la barafu nyuma ya Phoenix yake, kisha anakanyaga mpaka Pongwe na vijiji vya mbele, anapiga honi ya mpira. Siku moja mwaka 2019 alikuwa anarudi jioni, boksi tupu. Pikapu ikamfuata nje ya lami kabisa, kule kwenye vumbi. Waliomtoa dereva kwenye usukani walisema hakuweza kusimama, na alikuwa anauliza nani kamgonga yeye.

Yaliyofuata mnayajua. Kituoni akapumzishwa, akapimwa kesho yake saa nne asubuhi, keshalala, keshaoga, keshakunywa supu. Kipimo kikamwona mzima kuliko mimi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inayo kiwango chake, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini pombe haimngoji mtu amalize usingizi. Huku kiwango ni 50, na mwenye leseni mpya ni sifuri. Polisi wakimnusa dereva aliyeua, anatolewa damu usiku uleule. Tangu 2017 hawahitaji hata kumwamsha hakimu.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya kipimo. Wala adhabu. Kwa adhabu, niseme kabla hamjaniwahi, Wajerumani nao ni walewale: kuua kwa uzembe mwisho ni miaka mitano, na kifungo kisichozidi miwili mara nyingi mtu anakitumikia kwake, ameachiwa kwa masharti. Hizo baiskeli nyeupe ni malalamiko, si mapambo. Kinachoniuma mimi ni jalada. Nani analifuata?

Kwetu analifuata mfiwa. Binamu yangu alikwenda kituoni mara kumi na nne. Alikuwa anaandika kwenye daftari la madeni ya samaki, ndiyo maana najua. Mara afande wa jalada yuko safari. Mara mchoro wa ajali haujachorwa kwa kuwa gari halina mafuta, tukachanga mafuta. Mara vocha. Mahakamani tukaambiwa neno lile ambalo kila Mtanzania analijua kama salamu: upelelezi haujakamilika. Kesi ni ya Jamhuri, lakini mafuta ni ya mfiwa.

Hapa mume au mke, mzazi, mtoto, kaka au dada wa marehemu anaruhusiwa kujiunga na upande wa mashtaka, akakaa mahakamani na wakili wake. Wakili anasoma jalada. Anauliza mashahidi maswali. Mwendesha mashtaka hapigiwi simu na mtu kukumbushwa. Mwenzangu wa kazini dada yake aligongwa na mlevi, akafa; nikamwuliza, kwa akili yangu ya Tanga, alikuwa anakwenda kituoni mara ngapi. Hakunielewa. "Kufanya nini?" akaniuliza. Nikakosa jibu.

Nilipoyasema haya kwenye kikundi cha ukoo, baba mkubwa akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Muhtasari: mwanangu, umekaa kwenye barafu umesahau watu, ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Binamu mwingine akaongeza: mzungu wetu ameamka.

Haya, tuyazungumze. Aliyesema ajali haina kinga alikuwa anazungumzia ajali. Mtu aliyekunywa tangu saa sita mchana akachukua funguo hakupata ajali, kaifuata. Hapa Berlin, Februari 2016, vijana wawili walishindana kwa magari usiku katikati ya mji, wakamwua mzee aliyekuwa anapita kwenye taa ya kijani. Mahakama mwaka uliofuata ikasema haya ni mauaji, kifungo cha maisha. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikaanza upya, ikarudi palepale, na mwaka 2020 mahakama ya juu ikamthibitishia yule aliyemgonga mzee. Miaka minne wanabishana mahakamani juu ya neno moja. Sisi tulilimaliza juu ya mkeka, kabla ya arobaini.

Maana ndivyo ilivyokwisha. Wakaja wazee wa upande wa dereva, watu wa heshima, na mchele gunia mbili, mbuzi na laki tano. Wakalia, na nadhani walilia kweli. Mama mdogo akaweka dole gumba. Stika ya bima ilikuwa kwenye kioo cha pikapu, bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, na huyo mtu wa tatu ndiye ami. Hakuna aliyemwambia. Hata mimi sikujua, na nilikuwa nimeshasoma mpaka chuo kikuu.

Najua atatokea wa kuniambia: huko kwenu Ulaya hawazikani. Kweli. Kwenye jengo langu kuna mzee wa ghorofa ya pili ambaye jina lake nalijua kwa sababu liko kwenye sanduku la barua. Siku akifa, labda harufu ndiyo itakayotuita. Ami alizikwa na mtaa mzima. Kabla ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari, masufuria yako motoni, na kwa siku saba mama mdogo hakuosha sahani. Wajerumani hawana hilo, na sidhani watalipata. Nikifa mimi nataka nizikwe vile. Ila wale watu mia mbili waliobeba jeneza walikuwa wapi siku binamu anakwenda kituoni mara ya kumi na nne, peke yake? Hilo swali si la kizungu.

Na atatokea wa "rudi basi ujenge nchi". Ndugu yangu, pasi yangu ni ya Tanzania na dawa ya presha ya mama mdogo hununuliwa na mshahara huu unaokatwa yuro 20 za taa. Sijasema tumelaaniwa. Mkikaa mezani na muuaji kwa hiari, mkasamehe, hiyo ni haki yenu na dini inaisifu. Mama mdogo hakusamehe. Alichoka, na nauli ilikuwa imekwisha.

Jambo moja tu silimezi mpaka leo. Pikapu ilitoka kituoni ndani ya wiki, eti ni gari la kazi. Phoenix ya ami ikabaki, kwa kuwa ni kidhibiti. Iko uani hadi leo, imeegeshwa ukutani kati ya bodaboda zilizokamatwa. Binamu ameipiga picha kwa kuiba: kiti hakipo, mnyororo hakuna, gurudumu la nyuma limekunjika kama chapati, na mmea wa kutambaa umepanda mpaka kwenye usukani. Honi bado ipo.

Mwezi uliopita alikwenda kuiomba. Akawaeleza kwamba familia zilishapatana, karatasi hii hapa, na dole gumba hili hapa. Afande wa zamu, kijana mpya, akafungua kitabu, akatafuta kwa muda, akamwambia hawezi kuitoa kwa kuwa upelelezi haujakamilika.

Nimemtumia nauli. Atakwenda tena Jumatatu.