Hofu ya Giza Inayoua Betri za Baiskeli

Huu ni mwaka wa nne ninakwenda kazini kwa baiskeli ya umeme, kutoka Bububu ninakokaa hadi skuli ninayosomesha mjini, kiasi cha kilomita kumi kwenda na kumi kurudi. Katika muda huo nimeua betri moja, na neno kuua nimelichagua makusudi, kwa kuwa niliifanyia kila usiku jambo ambalo katika nyumba nyingi za Unguja huhesabiwa ndiyo busara yenyewe: niliichomeka baada ya magharibi na kuiacha kwenye chaja mpaka alfajiri.

Tabia hii tumeirithi kutokana na yaliyotupata. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila umeme kwa karibu mwezi mzima, na kabla hatujasahau, waya wa chini ya bahari unaotuunganisha na Bara ukatuacha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati huo pampu za maji zilisimama, ndoo zikapanda thamani, na usiku ukasikika mngurumo wa majenereta ya wenye uwezo. Waya mpya wa megawati 100 ulipozinduliwa mwaka 2013 hali ilitengemaa sana kulinganisha na ilivyokuwa, lakini hofu haikuondoka pamoja na giza. Bi Mkubwa wangu, akiona chaja imelala bure mezani, mpaka leo huniambia: "Chomeka, mwanangu, umeme huu si wa kuamini." Ninamwelewa vyema, na kwa taa za dharura yuko sahihi kabisa. Kwa betri ya baiskeli, ambayo bei yake inakaribia nusu ya bei niliyonunulia baiskeli yenyewe, nasaha hiyo ni ya hasara.

Tangi la petroli halijali kama limejaa au limebaki nusu, ila betri ya lithiamu inajali mno. Betri yangu ni ya volti 36 na ampea-saa 13, na ndani yake zimo seli 50, yaani vibetri vidogo vidogo, zilizopangwa makundi kumi ya seli tano tano. Kundi likijaa kabisa hufika volti 4.2, ndiyo maana betri nzima iliyojaa husoma volti 42. Katika kiwango hicho kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli huharibika upesi zaidi kuliko betri inapokuwa nusu, na utando unaojijenga ndani yake huzidi kunenepa, ukimeza lithiamu ambayo ingetakiwa kutuendesha. Mambo hayo hayasimami hata baiskeli inapokuwa imeegeshwa, na joto huyachochea, kwa hiyo betri iliyojaa pomoni ikawekwa mahali pa moto huchakaa ikiwa imelala.

Laiti ningepiga hesabu mapema, nisingekuwa na sababu ya kuogopa. Volti 36 mara ampea-saa 13 ni wati-saa 468. Barabara ya Bububu ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mimi hupiga pedeli kuisaidia mota, hivyo baiskeli inakula kama wati-saa 11 kwa kilomita moja. Safari ya kwenda na kurudi inamaliza wati-saa 220, chini ya nusu ya betri nzima. Nikiichaji hadi asilimia 80 tu, yaani mpaka mita isome karibu volti 40, ninarudi nyumbani na akiba ya zaidi ya wati-saa 150, akiba ambayo ingenirejesha mjini mara moja nyingine na kubaki. Siku hizi ninaichaji kwa saa tatu hivi baada ya isha, na nimeiunganisha kwenye soketi yenye saa inayokata umeme yenyewe, kwa kuwa nilijijua kuwa nitasinzia. Matumizi ya siku hayapiti sana robo ya uniti ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa hiyo anayedhani ninafanya haya kwa kubania umeme hajanielewa.

Adui wa pili ni jua, na hapa nina ugomvi na vijitabu vinavyokuja na baiskeli hizi. Changu kina aya nzima inayoonya dhidi ya kuchaji betri kwenye baridi ya kugandisha maji, balaa ambayo Unguja haijawahi kuiona, lakini kuhusu betri ya gamba jeusi iliyoachwa juani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, mwezi wa Februari, kaskazi imelegea na hakuna hata upepo wa kutikisa mnazi, hakisemi neno. Kwa mwaka mmoja na nusu niliiegesha baiskeli kwenye uwanja wa skuli usio na kivuli, nikirudi mchana nikilikuta gamba la betri halishikiki. Sasa ninaichomoa na kuingia nayo darasani, ninaiweka sakafuni chini ya meza, na wanafunzi wamekwisha kuchoka kuniuliza kama ni bomu. Nyumbani pia haikai tena kwenye banda la mabati.

Matokeo ya mazoea yangu ya zamani yalinikuta karibu na Mtoni asubuhi moja ya vuli. Kioo kilionyesha vijiti vinne kati ya vitano, lakini kila nilipoongeza mwendo mota ilizima, na nikipunguza ikarudi. Nilimaliza safari kwa miguu yangu, na yeyote aliyewahi kupiga pedeli baiskeli ya kilo 25 isiyosaidiwa na mota anajua niliingia darasani katika hali gani. Jioni nilimpelekea betri fundi wa simu na kompyuta mjini, mtu wa maneno machache, akaifungua na kupima kundi moja baada ya jingine. Makundi tisa yalisoma volti 3.9 kila moja, na moja likasoma 3.1. Jumla yake ni volti 38.2, hesabu ya betri nzima yenye afya, na ndivyo kioo kilivyodanganyika. "Maalim," akaniambia, "betri yako haijafa, ila ina mgonjwa mmoja ndani, na wenzake wanamsubiri." Mota ilipovuta nguvu, kundi lile lilianguka chini ya kikomo, na saketi ya ulinzi ikakata umeme wote kuinusuru betri.

Hapo nikafanya kosa jingine, la ubahili safari hii. Nilikubali seli tano za kundi lile zibadilishwe kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu ya kompyuta. Ziliishi miezi mitatu, kwa kuwa seli zisizolingana umri na nguvu zikifungwa pamoja, iliyo dhaifu hujaa kabla ya wenzake na kuisha kabla yao, kila siku ikizidi kuumia. Fundi alinitahadharisha, na lawama simpi.

Ni lazima nikiri kwamba hata kanuni yangu ya asilimia 80 haifai kushikwa kama aya. Saketi ya ulinzi katika betri nyingi za aina hii husawazisha makundi pale tu betri inapokaribia kujaa, na ukiinyima nafasi hiyo daima, makundi huanza kuachana polepole. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi nikiwa nyumbani na niko macho, ninaijaza hadi mwisho, ninaiacha kwenye chaja saa moja zaidi, kisha ninatoka nayo mchana huo huo. Umeme ukikatika wakati wa kuchaji ninaichomoa chaja palepale, maana unaporudi huja kwa kishindo, na chaja iliyopigwa na kishindo hicho ndiyo nisingependa kuiamini tena. Sichaji kwenye chumba cha kulala wala kwenye ujia wa kutokea nje, kwa kuwa moto wa lithiamu, ukitokea, haumpi mtu muda wa kutafuta njia nyingine.

Mota yenyewe, ambayo ndiyo kila mtu barazani huniuliza, haijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni mambo ya baiskeli ya kawaida. Spoki za gurudumu la nyuma zilikatika mara mbili kwa uzito wa mota, mpaka fundi wa mtaani akazifunga nene zaidi, na pancha anaiziba bila kulivua gurudumu, kwa kuuchomoa mpira ubavuni kama wafanyavyo mafundi wetu tangu zamani. Chumvi ya pwani ni mtihani zaidi: pini za betri huota kutu ya kijani, na kila masika yakikaribia ninazisafisha na kuzipaka grisi kidogo. Kwenye madimbwi marefu ninashuka na kuikokota.

Wanaotaka kununua huniuliza inakwenda kasi gani na umbali gani. Ningependa waulize kwanza kama betri ya kubadilishia itapatikana, na ndani yake kuna seli gani za mwaka upi, kwa kuwa betri iliyokaa ghalani miaka mitatu imeshaanza kuzeeka hata kama bado imo kwenye mfuko wake wa nailoni. Wenye kununua mitumba kutoka Japani wawe waangalifu maradufu. Baiskeli zenyewe ni madhubuti, lakini chaja zake nyingi zimetengenezwa kwa volti 100 za kwao, na ukiichomeka kwenye volti 230 zetu utasikia mlio mmoja tu. Isitoshe, baadhi ya betri hizo huzungumza na mota kwa lugha ya kiwanda kimoja, na betri ya kampuni nyingine hukataliwa kama mgeni asiye na pasi. Ndugu yangu wa Wete, ambako kila safari ni kupanda na kushuka, ananiambia hesabu zangu za Unguja hazimfai, na ni kweli: kwa vilima vya Pemba ningenunua betri kubwa zaidi kuliko kuijaza ndogo kila siku mpaka ukingoni.

Betri ninayotumia sasa ina miezi ishirini, na mara ya mwisho nilipoipima makundi yake yote kumi yalipishana kwa chini ya sehemu moja ya mia ya volti. Ile ya kwanza imo kwenye ndoo ya mchanga mkavu uani, chini ya mwembe, mbali na nyumba, kwa kuwa siwezi kuitupa jaani pamoja na maganda ya muhogo, na kila muuzaji niliyemuuliza kama angeipokea amenijibu kwa kunionyesha mpya.