Mtu wa Kati Mahakamani: Abebe Swali, Asibebe Jibu

Mtoto wa miaka saba anaulizwa na wakili wa utetezi: "Hukumwona mshtakiwa siku hiyo, sivyo?" Anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili cha kila siku, amekubali kwamba hakumwona. Lakini mwenendo wa kesi nchini Kenya mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na "ndiyo" hiyo ikihamishwa neno kwa neno itasomeka kwamba alimwona. Hakuna aliyesema uongo, ila rekodi imeshapinda, na anayeumia ni mshtakiwa.

Nimeanzia hapo kwa sababu msaada wa mawasiliano kwa shahidi anayehitaji ulinzi wa pekee hujadiliwa kana kwamba ni upendeleo kwa upande wa mashtaka. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinairuhusu mahakama kumtambua shahidi wa namna hiyo, awe mtoto, mtu mwenye ulemavu wa akili au aliyeathiriwa na kiwewe, na kuelekeza atoe ushahidi wake kupitia mtu wa kati. Mtu huyo anaweza kumfikishia shahidi maana ya jumla ya swali, kuiarifu mahakama kwamba shahidi amechoka au ameelemewa, na kuomba mapumziko. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50(7), inakwenda mbali zaidi: inamtaja mlalamishi na mshtakiwa pia.

Haja ya msaada huo si ya kubuni. Mtoto akisema "baba alinishika," anaweza kuwa anamtaja baba mzazi, baba mdogo au baba mkubwa, na katika nyumba yenye wote watatu, kesi nzima inaning'inia kwenye neno hilo moja. Akisema "alinifanyia tabia mbaya," anatumia tafsida aliyofundishwa na watu wazima wale wale ambao sasa wanamtaka aseme waziwazi mbele ya wageni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikiri kwamba mahakama za nchi hiyo kwa ujumla zimezikubali tafsida za aina hii. Huo ni uungwana, lakini kuikubali tafsida si sawa na kujua mtoto alikusudia nini.

Hata hivyo, hoja ya utetezi ni nzito, na haifai kupuuzwa kwa kuwa tu inatoka kwa mawakili wa washtakiwa. Ibara hiyo hiyo ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuupinga ushahidi, na maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humhoji shahidi, hutegemea sana maneno kamili ya swali. Wakili aliyepanga swali lake kwa uangalifu halafu akalisikia limefupishwa kuwa "maana ya jumla" ana haki ya kulalamika. Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Kingono, inapomfafanua mtu wa kati, inasema hutoa ushahidi kwa niaba ya shahidi, na inaruhusu awe mzazi au jamaa. Mama aliyeisikia habari hii mara kumi, akalia nayo usiku, hawezi kuwa mfereji mtupu. Hata asipokusudia, atajaza pengo pale mtoto anaponyamaza, na ukimya wa mtoto nao ni sehemu ya ushahidi.

Wabunge waliiona hatari hiyo, ndiyo maana kifungu cha 31 kikakataza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtu wa kati pekee usioungwa mkono. Lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu mshtakiwa wa kosa la kingono kutiwa hatiani kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Hapo mwendesha mashtaka anajikuta njia panda: akimpa mtoto msaada, anahitaji ushahidi wa ziada, akimwacha ajitetee mwenyewe kwa lugha asiyoielewa, huenda asiuhitaji. Kwangu mimi, hilo ni kosa la sheria yenyewe, na chanzo chake ni kuchanganya kazi mbili, ya kulifikisha swali na ya kulisemea jibu.

Uingereza ilizitenganisha. Chini ya sheria yake ya mwaka 1999, mtu wa kati ni mtaalamu asiyefungamana na upande wowote, mara nyingi wa tiba ya usemi, anayempima shahidi mapema na kuiandikia mahakama ripoti, kisha hakimu na mawakili wanakubaliana, katika kikao cha maandalizi, jinsi ya kuuliza. Ni utaratibu wa gharama, lakini kikao hicho cha maandalizi hakihitaji bajeti kubwa, na hakimu wa Kenya anaweza kukiitisha hata kesho.

Ugumu unaonitia shaka ni kiziwi ambaye hakuwahi kusoma, asiyejua Lugha ya Ishara ya Kenya, ambaye ishara zake za nyumbani zinaeleweka na mama yake tu. Hapo siwezi kumkataza mama. Ninachoweza kudai ni kwamba aketi pamoja na mkalimani aliyesomea kazi hiyo, ishara zifanywe mbele ya mahakama kama sheria ya ushahidi inavyotaka, na zirekodiwe kwa video, ili wakili wa mshtakiwa aweze kumpelekea mtaalamu wake mwenyewe video hiyo na kuuliza kama mkono ule ulisema kweli kile mama alichokitamka.