Mnalipia Mashine, Nauli Mmemwachia Nani?

Majuzi tulikuwa na mazishi Subukia, na kama ilivyo desturi yetu mheshimiwa alichelewa kufika lakini akapewa maikrofoni kabla ya padri. Alipomaliza kusalimia wakubwa, na wakubwa wa wakubwa, akaingia kwenye SHA, bima ya afya ya serikali. Dialisisi ni bure, akasema. Mgonjwa wa figo siku hizi anaweka kidole tu kwenye kifaa cha kumtambua, anasafishwa damu, anarudi kwake kula githeri. Anayefia nyumbani zama hizi amejitakia. Watu wakapiga makofi. Baba mdogo wangu, aliyekaa safu ya tatu na miguu imemvimba hadi viatu vimekataa kuingia, naye akapiga makofi. Wiki hiyo alikuwa amekosa siku moja ya kwenda kusafishwa damu Nakuru kwa sababu nauli haikupatikana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mheshimiwa hakudanganya. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, ile bima yetu ya zamani, Oktoba 2024, kiwango kilichochapishwa ni Sh10,650 kwa kila dialisisi, hadi mara tatu kwa wiki. NHIF ilikuwa inalipa Sh9,500, mara mbili. Haya, wamepiga hatua, na nimelisema hilo meno yakiwa yamebana. Lakini baba mdogo, aliyeandikiwa mara tatu, huenda mara mbili, na zipo wiki ambazo hiyo ya pili nayo hupotea. SHA iko tayari kulipia ile ya tatu, mashine ipo, muuguzi yupo, na mgonjwa yuko Subukia anahesabu sarafu.

Hebu tuhesabu naye. Boda kutoka nyumbani hadi barabara ya lami, 150. Matatu hadi Nakuru, 200. Boda nyingine hadi geti la hospitali, 50. Na mtu aliyetoka kwenye ile mashine humwachi asafiri peke yake. Ameishiwa nguvu, anasikia kizunguzungu, pengine presha imeshuka. Kwa hiyo kijana wake humsindikiza. Boda huwabeba pamoja kwa bei ileile (usiniulize sheria inasemaje), lakini kwenye matatu kila mtu na kiti chake. Kwenda ni 600 na kurudi ni 600. Mara mbili kwa wiki ni 2,400. Kwa mwezi ni 9,600, hapo mvua haijanyesha, na sote tunajua makanga wa Nakuru hufanya nini mvua ikinyesha.

Sasa weka hiyo 9,600 kando ya mchango wa SHA. Asiye na mshahara, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na anatakiwa kuulipa mwaka mzima kwa mpigo. Nauli ya mwezi mmoja ya baba mdogo inapita mchango wa miaka miwili na nusu. Kisha iweke kando ya kile SHA inacholipa hospitali: nauli ya mwezi mzima, ya watu wawili, haifiki pesa za dialisisi moja. Moja! Tunanunua ng'ombe halafu kamba inatushinda.

Na akikosa? Maji hujaa mwilini hadi kwenye mapafu. Potasiamu hupanda, na ikipanda sana moyo husimama. Usiku mmoja ataanza kuhema kama amekimbizwa, na hapo ndipo Jamhuri ya Kenya itakapomwona. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Viwango vya SHA navyo, kwenye karatasi, vina ambulensi: Sh4,500 ndani ya kilomita 25, na Sh75 kwa kila kilomita ya ziada. Subukia iko nje ya hizo 25. Kwa hiyo mfuko huu ambao hauwezi kumpa mtu 1,200 aende hospitali akitembea kwa miguu yake uko radhi kulipa zaidi ya elfu tano kumfuata akiwa anakufa, kisha ulipe kitanda, kisha ulipe ileile dialisisi aliyoikosa. Eti huko ndiko kubana matumizi.

Mtu ataniambia, si mna familia? Mchange. Tumechanga! Ila kuna jambo kuhusu michango ambalo nadhani tunalijua sote na hatulisemi. Mkenya atachangia bili ya hospitali. Atachangia operesheni ya India, atachangia mazishi ya mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Bili ina jumla yake chini, ina tarehe, ina picha ya mgonjwa kitandani, na siku moja huisha. Nauli ya Jumanne haina picha. Utaandika nini kwenye kundi la WhatsApp? "Ndugu zangu, tunaomba 1,200, na Ijumaa tutaomba tena, na Jumanne ijayo tena, hadi Mungu atakapoamua"? Mwezi wa kwanza tulijaa. Mwezi wa tatu watu wakawa wanasoma ujumbe na kunyamaza, na siwalaumu, wana karo. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetuambia tuache. Alisema anaona aibu simu ikilia. Tangu hapo ameuza mbuzi, kisha mbuzi mwingine, na sasa boma limebaki na kuku wa mama mdogo ambao hawauzwi bila vita.

Hasara hii haiko kwenye risiti yoyote. Kwenye vitabu vya SHA baba mdogo ni mtu aliyehudumiwa bure.

Huko Marekani, ambako bima ya afya huwagombanisha watu kila uchaguzi, wanao mpango wa watu wa kipato cha chini unaoitwa Medicaid. Ulianza 1965, mwaka mmoja kabla ya NHIF yetu kuzaliwa. Pamoja na daktari na dawa, majimbo hutakiwa kuhakikisha mgonjwa anafika hospitalini hata kama si dharura: tiketi ya basi, teksi, gari la kiti cha magurudumu, au mafuta kwa jirani anayempeleka. Desemba 2020 bunge lao likaliandika jambo hilo ndani ya sheria yenyewe ili mtu asilifute kwa urahisi. Si peponi. Watu hulalamika kwamba lazima uagize gari siku kadhaa mapema na bado lichelewe, na wezi wamewahi kudai pesa za safari ambazo hazikufanywa. Lakini angalau wanagombana kuhusu gari lililochelewa. Sisi gari lenyewe halijawahi kutajwa.

Na kuhusu wezi, najua mnachotaka kusema. Ikiwa kuna hospitali zimefungiwa kwa kudai pesa za wagonjwa hewa, tukileta nauli si tutapata na safari hewa? Tutapata. Kenya hii hata hewa yenyewe ingelipiwa tungepata hewa hewa. Lakini dialisisi ni mahali pagumu kuiba nauli kuliko kwingine, kwa sababu mgonjwa anaweka kidole kabla ya kuunganishwa na mashine. Kidole kikisoma, huyo amefika. Hapo hapo mtumie kwenye M-Pesa nauli ya safari ijayo. Ijayo, jamani, siyo ya leo. Msije mkatuambia tusafiri kwanza, tulete risiti, halafu tungoje kurudishiwa. Mtu asiye na 1,200 leo hawezi kumkopesha serikali 1,200 hadi Novemba. Asipofika, hakuna nauli nyingine inayotumwa, na mhudumu wa afya wa kijiji, wale waliopewa mikoba mwaka 2023, aende abishe hodi aone kuna nini.

Pesa hazipo? Hili ndilo linaloniumiza kichwa kidogo. Hospitali zinaidai SHA, za binafsi zimewahi kutishia kufunga milango, na nauli ikilipwa huku hospitali haijalipwa, baba mdogo atafika kwenye mlango uliofungwa. Sina jibu zuri. Nina jibu baya tu: mimi ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, kwa hiyo uzoefu wa kulipa kwa wakati upo nchini, ni kuuhamisha tu upande wa pili.

Wagonjwa wa saratani wanaotoka Baringo, Narok na Bomet kuja kuchomwa mionzi hapa Nakuru siku tano kwa wiki, majuma kadhaa, wana hesabu mbaya zaidi kwa sababu wao inawabidi hata wapange chumba. Wa kisukari wa kliniki za kila mwezi wangoje kidogo, poleni. Kama lazima kuanza padogo, anzeni na wa figo na wa mionzi, wanaoishi mbali, na wale ambao serikali ilishawapima uwezo wao kabla ya kuwapangia mchango. Serikali inayojua paa langu ni la mabati au la nyasi haitashindwa kujua Subukia iko wapi.

Viwango vya SHA vitakaporudi mezani, nataka kuona mstari mmoja wa nauli kando ya ule wa ambulensi. Mheshimiwa, kwa kuwa unapenda maikrofoni, hiyo ni hoja nakupa bure. Na wakikwambia bungeni kwamba boda hawatoi risiti, waambie wa kwetu wote wameandika namba zao za M-Pesa kwenye jaketi.